Aliyeteuliwa Hakujiteua

Kuna zomeazomea ambayo hata shabiki mkorofi angeionea haya akiitazama tena akiwa ametulia. Ni ile ya kumzomea kijana siku anapotajwa kujiunga na timu yako, kabla hajavaa jezi, kabla hajagusa mpira, kabla hajakukosea lolote. Leo nataka tulizungumze jambo hilo. Nitaanzia mbali, kwa mashabiki wa Philadelphia nchini Marekani, kwa sababu wao walilitenda hadharani na habari yake inajulikana mwanzo hadi mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu utaratibu wa wenzetu. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na wa kubebwa mkononi, klabu hazigombanii vijana wanaotoka vyuo vikuu kwa kupandishiana dau. Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Aprili, hufanyika uteuzi unaoitwa drafti. Klabu za ligi ya NFL, ambazo leo ni 32, huteua kwa zamu katika mizunguko saba, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hutangulia. Kijana hasemi nataka kwenda Chicago wala sitaki Cleveland. Husubiri jina lake lisomwe, na likishasomwa, klabu iliyomtaja ndiyo yenye haki ya kuzungumza naye mkataba. Siku hiyo yeye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote wanaohusika. Naomba hilo ulishike, ndugu msomaji, maana mengine yote nitakayosema yanasimama juu yake.

Msimu wa 1998 Philadelphia Eagles walishinda mechi 3 na kupoteza 13. Wakapata nafasi ya pili katika drafti ya tarehe 17 Aprili 1999, iliyofanyika New York. Kocha alikuwa mpya, Andy Reid, aliyekuwa hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya ligi hiyo. Mashabiki walikuwa na mtu wao, Ricky Williams, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas aliyekuwa ametoka kutwaa tuzo ya Heisman, tuzo kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo. Redio ya michezo ya mjini, WIP, ikalivalia njuga jina hilo. Mtangazaji wake wa asubuhi, Angelo Cataldi, akakusanya mashabiki wapatao 30, wakapanda basi kwenda New York kumdai Williams. Hata meya wa jiji wakati huo, Ed Rendell, alikuwa upande wao.

Cleveland walitangulia kwa kumteua Tim Couch. Ilipofika zamu ya Eagles, jina lililosomwa likawa Donovan McNabb, kijana wa miaka 22 kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse. Alikuwa kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Akatoka kwenda jukwaani, na waliompokea kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa watu waliosafiri kutoka mji aliokuwa anakwenda kuishi, wakimzomea.

Fikiria umri ule. Miaka 22 ni umri wa mtoto wa dada yako aliyemaliza chuo juzi. Hiyo ndiyo siku aliyoifanyia kazi tangu utotoni.

Yaliyofuata yanajulikana. McNabb aliichezea Eagles misimu 11. Aliifikisha fainali ya kanda mara tano, na Februari 2005 akaifikisha Super Bowl, fainali ya ligi nzima, ambako walifungwa na New England Patriots kwa pointi 24 kwa 21. Novemba 2002, katika mechi dhidi ya Arizona, alivunjika mfupa wa kifundo cha mguu mapema kabisa, akaendelea kucheza, akatoa pasi nne za kufunga. Mwaka 2013 klabu iliistaafisha jezi yake namba 5, na uwanja ukampigia makofi.

Wengi hukisimulia kisa hiki na kukifungia hapo. Mnaona, walimzomea, kumbe alikuwa nguli! Mimi sikubali kifungwe hapo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ukisema wale mashabiki walikosea kwa kuwa McNabb alifanikiwa, umekubali kimyakimya kwamba angeshindwa, zomeazomea yao ingekuwa halali. Katika drafti ile ile, Tim Couch aliyeteuliwa wa kwanza na Akili Smith aliyeteuliwa wa tatu hawakufika walikotarajiwa. Je, wao walistahili kuzomewa siku ya kutajwa? Walikuwa wamefanya nini siku hiyo zaidi ya kuitika?

Na yule kipenzi cha mashabiki je? Ricky Williams alichukuliwa na New Orleans Saints katika nafasi ya tano. Klabu hiyo ilitoa nafasi zake zote za uteuzi za mwaka ule, na mbili za mwaka uliofuata, ili kumpata yeye mmoja. Baadaye alisema wazi kwamba alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa hofu ya kuwa mbele za watu. Katika siku zake za New Orleans kuna wakati aliwajibu waandishi wa habari akiwa hajaivua kofia yake ya kuchezea. Alikuwa mchezaji hodari, na mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa umbali wa kukimbia na mpira. Lakini mzigo wa kuwa mkombozi wa mji mzima aliwekewa begani bila kuulizwa, kama McNabb alivyowekewa mzigo wa kuwa kosa la mji mzima. Mashabiki waliokuwa wakipiga kelele hawakuwa wakimjua yeyote kati ya hao wawili.

Sisi tuna kijana wetu katika habari hizi. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA nayo ina drafti, na mwezi Juni 2009 Memphis Grizzlies walimteua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, katika nafasi ya pili. Akawa Mtanzania wa kwanza kuichezea ligi hiyo. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.20, na alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na sifa kubwa ya kuzuia mipira. Mambo hayakwenda kama Memphis walivyotumaini. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini kukuza kiwango, na alicheza NBA misimu mitano katika timu nne. Aliyeteuliwa nyuma yake, wa tatu, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Ndiyo maana hadi leo kila inapoandikwa orodha ya teuzi mbovu za NBA, jina la Thabeet halikosekani, na baadhi ya Watanzania wenzake huzisambaza orodha hizo kwa kicheko.

Kicheko hicho kinaniuma. Thabeet hakuwaambia Memphis wamwache Harden. Hakuwa kwenye chumba walimokaa wakuu wa klabu wenye video, vipimo na mishahara ya kufanya kazi hiyo. Yeye alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyejitahidi kiasi cha kutajwa wa pili kati ya vijana wa dunia nzima, na alipotajwa aliitika. Kama uteuzi ule ulikuwa kosa, kosa lina wenyewe, nao walikuwa na ofisi na vyeo. Hata hivyo majina yao karibu hakuna anayeyakumbuka. Lake linakumbukwa kwa sababu yeye ndiye aliyesimama palipo na taa.

Hapa ndipo penye maradhi yenyewe. Hasira ya shabiki huzaliwa kwa viongozi, lakini humshukia mchezaji kwa kuwa ndiye anayeonekana. Katika familia zetu tunajua namna ya kuliepuka jambo hili. Ukoo unaweza kuwa ulimtaka binti wa jirani, kijana akaoa kwingine, na vikao vikawa vya moto. Lakini bibi harusi akishateremka garini hapokewi kwa miguno. Mawifi humpokea kwa vigelegele, na mwenye neno hulipeleka kwa wazee waliolipitisha jambo. Anayemtolea bibi harusi maneno mlangoni hatumwiti mkweli, tunasema hakufunzwa.

Najua nitajibiwa: mimi nanunua tiketi, nanunua jezi, timu ni yangu, nina haki ya kusema. Unayo, na sikuambii uinyamazie timu yako. Ninachokuuliza ni neno lako unampelekea nani.

Tazama Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, ambako mashabiki ni wamiliki kwelikweli. Klabu yao ya NFL, Packers, imekuwa ikiuza hisa kwa wananchi tangu 1923, na wenye hisa ni mamia ya maelfu. Aprili 2020 timu hiyo ilikuwa imetoka kushinda mechi 13 kati ya 16 na kufika fainali ya kanda, ikiwa na Aaron Rodgers, mmoja wa makwotabeki bora wa zama hizi. Mashabiki walingoja aletwe mtu wa kudaka pasi za Rodgers. Badala yake meneja mkuu, Brian Gutekunst, alitoa nafasi ya ziada ili kupanda hadi ya 26, akamteua kwotabeki mwingine, Jordan Love wa Chuo Kikuu cha Utah State. Msimu wake wa mwisho chuoni kijana huyo alikuwa amenyang'anywa pasi 17 na wapinzani. Mashabiki waliwaka. Wengi walirudia ile 17 kama shtaka la jinai. Ni wachache waliojali kwamba alikuwa amempoteza baba yake akiwa na miaka 14, akaendelea na mpira pamoja na uchungu huo.

Aliyekuwa na sababu ya kununa kuliko wote ni Rodgers mwenyewe, maana aliletewa mrithi akiwa bado ana nguvu. Hakuficha kwamba uteuzi ule haukumfurahisha, na baadaye alikuwa na mvutano mkubwa na viongozi wa klabu. Lakini hakuugeuza mvutano huo kuwa ugomvi na kijana. Alimzungumzia vizuri na kumpokea kama mwenzake. Naye alijua utamu na uchungu wa nafasi ile. Mwaka 2005 aliteuliwa wa 24 na timu hiyo hiyo, Brett Favre akiwa bado ndiye mfalme wa mji, akakaa benchi misimu mitatu. Love naye alikaa benchi misimu mitatu hivyo hivyo, na Januari 2024 aliiongoza Packers kuwafunga Dallas 48 kwa 32 kwenye uwanja wa Dallas. Lakini hata hili silitoi kama ushahidi wa adabu. Rodgers alifanya sawa mwaka 2020, siku ambayo hakuna aliyejua Love atakuwa nani. Haki ya kijana ya kupokewa vizuri ilikuwa kamili siku hiyo hiyo.

Kuna watazamaji wengine tunaowasahau, nao ni watoto. Mwaka 2015, New York Knicks wa NBA walipomteua Kristaps Porzingis, kijana wa miaka 19 kutoka Latvia, ukumbi ulizomea, na runinga ikaonyesha mtoto shabiki akilia kama aliyefiwa. Mtoto yule hakuwa na habari ya kutosha kumkataa Porzingis. Alikuwa amejifunza kutoka kwa wakubwa wanaomzunguka kwamba jina usilolijua ni msiba. Porzingis alikuja kuteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi mwaka 2018. Wewe unayetazama mpira na mwanao kochini, yeye hajifunzi kikosi peke yake. Anajifunza pia namna ya kumpokea mgeni.

Afrika Mashariki hatuna drafti, tuna dirisha la usajili, lakini tabia ni ile ile. Mchezaji anashuka uwanja wa ndege saa nane za usiku, na kabla jua halijachomoza simu zimejaa: garasa, mzee, mmepigwa. Mama yake ana simu pia, na siku hizi tafsiri ni kugusa kitufe. Ndugu yangu, usiliandike kwenye simu neno ambalo usingeweza kumwambia kijana huyo ukiwa umempa mkono. Akishapewa nafasi akacheza vibaya, useme uchezaji wake: anachelewa kurudi kukaba, mguu wa kushoto hana, krosi zake zinafika kwa kipa. Hayo ni maneno ya mtu anayeujua mpira, na hata mchezaji mwenyewe akiyasikia anaweza kuyafanyia kazi. Sura yake, rangi yake, nchi yake na mama yake usiviguse.

Na kama hasira yako ni ya kweli, kwamba klabu imetumia fedha vibaya au imeacha pengo ambalo kila mtu alikuwa akiliona, basi uipeleke kwa wenye mamlaka. Wamiliki wa Green Bay huwa na mkutano wao kila mwaka, na viongozi wa klabu husimama mbele yao. Ukiwa mwanachama mwenye kadi, nawe mkutano mkuu unakuhusu. Nenda na swali lako limeandikwa. Ni nani aliyempendekeza mchezaji huyu? Alitazamwa katika mechi ngapi, na nani alikwenda kumtazama? Mkataba wake ni wa miaka mingapi, na nafasi ya beki iliyokuwa wazi tangu msimu uliopita imeachwa kwa sababu gani? Uliza kwa jina la aliyetia saini kwa niaba ya klabu, uketi, na usubiri ajibu.