Kusoma au Kucheza?

Jirani yangu mmoja hapa Singida, mkulima wa alizeti, aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe aendelee na masomo ya chuo. Aliposikia kwamba kijana amesafiri juma zima kwenda kwenye mashindano ya vyuo, alinijia na swali: "Mwalimu, huyu nimempeleka kusoma au kucheza?" Watu wengi wangemjibu haraka kwamba michezo ni afya na michezo huleta urafiki. Lakini mzee huyu afya anaipata shambani bila kulipa ada, na marafiki aliwapata kisimani na mnadani. Swali lake linastahili jibu zito zaidi.

Wako wanaosema kwamba shabaha ni kupata mabingwa. Hapa Singida jibu hilo halisimami. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Huyo ni askari wa Jeshi la Wananchi. Hakutengenezwa na mashindano ya vyuo. Ni kweli kwamba Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980, alikimbilia chuo kikuu cha El Paso, Texas, na akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Lakini chuo kile kilikuwa kikiwasaka wakimbiaji wa Afrika Mashariki kwa sababu kilitaka vikombe. Miguu ilikuwepo kabla ya chuo.

Wala tusidhani kwamba zamani nia zilikuwa safi kuliko leo. Oxford na Cambridge walishindana kwa makasia mwaka 1829 kwa sababu vijana wawili waliofahamiana walitupiana changamoto, basi. Lakini Harvard na Yale walipokutana ziwani mwaka 1852, katika shindano la kwanza la vyuo nchini Marekani, gharama zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka kuuza tiketi. Biashara ilikuwepo tangu siku ya kwanza!

Mimi naona kwamba anayetufundisha shabaha ya mashindano haya ni mtu tunayemlaani sana, yaani mamluki. Kila aliyepita chuoni anamfahamu. Ni kijana wa mtaani, hodari wa mpira, ambaye si mwanafunzi, lakini anavalishwa jezi na kupewa kitambulisho cha mwingine ili timu ishinde. Sasa tujiulize, ndugu msomaji, anaharibu nini? Afya anaipata kama wengine. Urafiki anaujenga, tena pengine kuliko wengine. Watazamaji wanapata kandanda safi zaidi. Na kama lengo ni kikombe, kikombe kinakuja. Faida zote tunazozitaja katika hotuba za ufunguzi zimebaki palepale, na bado kila mtu moyoni anajua kwamba pameibwa kitu.

Kilichoibwa ni swali lenyewe. Chuo kinapocheza na chuo, vijana wanaulizana: ninyi mnaokesha na vitabu kama sisi, wenye mtihani Jumatatu kama sisi, mnaweza nini pamoja? Mamluki analijibu swali ambalo hakuulizwa. Ni sawasawa na mtu anayeingia chumba cha mtihani badala ya mwenzake, na chuo kilekile kinachomfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo humleta mwingine uwanjani alasiri. Nadhani waandaaji wa michezo ya wanafunzi wa dunia kule Turin mwaka 1959 walilijua jambo hili kwa namna yao, kwa maana mshindi aliposimama kupokea medali haukupigwa wimbo wa taifa lake, bali wimbo wa kale wa wanafunzi, ule wa Gaudeamus. Mshindi alikuwa mwanafunzi kwanza.

Mwalimu mwenzangu aliwahi kunipinga. Alisema kikombe huleta sifa, na sifa huleta wanafunzi wapya. Kijana mmoja wa kukodi hadhuru kitu. Sikukubaliana naye, ingawa simlaumu yule kijana wa kukodi. Mara nyingi amepewa nauli, sahani ya wali na ahadi, naye hana kazi. Wa kulaumiwa ni yule aliyeketi ofisini akachagua kitambulisho kipi kitumike.

Miaka kadhaa iliyopita nilitazama fainali ya namna hiyo, chuo nisichokitaja kikicheza. Mshambuliaji wao alifunga bao zuri ajabu, na jukwaa zima likaimba jina lililoandikwa kwenye orodha. Yeye hakugeuka; alichelewa kukumbuka kwamba ndiye anayeitwa. Mwenye jina alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyefanya mazoezi na timu ile muhula mzima. Wenzake walimpiga mabegani wakicheka. "Kumbe nimefunga," akasema, kisha akainama akawa anafunga kamba za viatu vyake, ambavyo alikuja navyo.