Nani kaibadilisha mvua?



Aliyewahi kukaa Rungwe anajua kwamba huku mvua si habari. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mgeni hujifunza kununua koti la mvua kabla hajajifunza kusalimia Kinyakyusa. Kwa hiyo ukisikia watu wa Lupepo wanabishana kuhusu mvua, tega sikio. Kwamba imebadilika, kila niliyeongea naye anakubali: majira hayaaminiki tena, na ikija inakuja kwa hasira. Wanachobishania ni nani kaibadilisha.

Mada hii iliibuka baada ya sala ya jumuiya. Mzee mmoja alisema ni milingoti iliyopandwa mabondeni, inakunywa vijito vyote. Kijana wa bodaboda akacheka: "Mzee, hali ya hewa imebadilika tangu enzi na enzi, ni jua tu hilo, haya mengine ni biashara ya wazungu." Mwingine akasema ni volkano, kwani si tunaona gesi inavyotoka ardhini kule Kyejo? Mama mmoja akasema ni dhambi zetu, Mungu amechoka. Kisha mtu, kwa sauti ya chini, akamtaja mwanamke fulani aliyehamia kitongojini, kwamba "tangu aje" mambo hayajakaa sawa. Watu wakanyamaza. Halafu wakanigeukia: "Frateri, wewe umesoma falsafa. Tuambie."

Hapo ndipo ilipo hatari, na ndiyo maana naandika. Swali la chanzo linaonekana la darasani, la watu wenye muda. Lakini jibu lake linaamua nani atanyooshewa kidole usiku huu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba watu waliamini pumzi ya majirani, yaani manung'uniko yao, inaweza kumletea mtu baridi na ugonjwa. Simcheki mtu kwa imani hiyo. Nimeona manung'uniko ya kijiji yanavyoweza kumkondesha mtu bila uchawi wowote.

Tuanze na jua. Kama jua lingekuwa limeongeza moto, anga lote lingepata joto, la chini na la juu. Vipimo vinaonyesha hewa ya karibu nasi inapata joto huku ile ya juu, kwenye tabaka la stratosfia, ikipoa. Ndivyo unavyotarajia blanketi likinenepa, joto linabaki chini. Na setilaiti zinalipima jua tangu 1978. Halijaonyesha ongezeko linaloweza kueleza joto hili. Kijana wa boda yuko sahihi kwamba tabianchi ilibadilika zamani bila sisi. Lakini fikiri naye: watu walikufa kabla ya pikipiki kuwapo. Je, hiyo inathibitisha kwamba pikipiki haiui?

Hoja ya volkano ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ni ya mtu anayetazama nchi yake. Ni kweli, sisi tunaishi juu ya volkano. Mlima Rungwe, ziwa Ngozi, Kyejo, zote ni kazi ya moto wa chini. Na kule Ikama hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe, kiasi kwamba kuna kiwanda kinachoivuna. Ndiyo hewa inayotoa povu kwenye soda. Basi kwa nini tusiseme ni volkano? Kwanza, kwa kiasi. Hewa ukaa ya volkano zote duniani kwa mwaka haifikii asilimia 1 ya ile inayotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma. Pili, kaboni ina alama. Ipo nyepesi na ipo nzito kidogo, na mimea hupendelea ile nyepesi. Makaa ya mawe ni mimea ya kale, kwa hiyo moshi wake hubeba kaboni nyepesi kuliko ya volkano. Wanasayansi wanaopima hewa wanakuta kwamba kadiri hewa ukaa inavyoongezeka, kaboni yake inazidi kuwa nyepesi. Yaani moshi umeacha kitambulisho chake. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni. Leo imepita 420.

Mngeweza kuniambia: Frateri, kwa nini huzunguki kote huko? Sema Papa kasema. Ni kweli kasema. Papa Fransisko aliandika Laudato Si' mwaka 2015, na tarehe 4 Oktoba 2023 akaandika Laudate Deum, ambamo anasema waziwazi kwamba chanzo cha kibinadamu hakiwezi tena kutiliwa shaka, na anasikitika kukutana na maoni ya dharau hata ndani ya Kanisa. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba katika mambo ya akili ya kibinadamu, hoja ya "fulani kasema" ndiyo dhaifu kuliko zote. Papa mwenyewe hakutegemea cheo chake hapo. Aliweka takwimu mezani. Kijana akiniuliza kuhusu hewa nikamjibu kwa kofia ya Papa, nitakuwa nimemnyamazisha bila kumjibu.

Sasa yule mama. Yeye nilimjibu polepole zaidi, maana ndiye aliyegusa imani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Uvumi ukaenea kwamba volkano imelipuka. Serikali ikaeleza kwamba hapana: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kubwa ikameguka. Na mitandaoni hazikukosekana sauti za kusema ni adhabu. Adhabu kwa nani? Kwa mtoto aliyekuwa amelala Katesh, wakati mwenye dhambi zilezile Dar es Salaam anakunywa chai? Soma Luka 13. Yesu alipashwa habari ya namna hii, naye akautaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, akakataa kata kata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Akawaita wote watubu, ndiyo, lakini hakuruhusu maiti zitumike kama ushahidi.

Toma anafundisha pia kwamba Mungu, kwa wema wake, amevipa viumbe heshima ya kuwa visababishi vya kweli. Moto unachoma kweli, mvua inanyesha kweli, moshi unapasha joto kweli. Kwa hiyo kusema "ni moshi" hakumwondoi Mungu popote. Kusema "ni Mungu" ili tusiutazame moshi, huko ndiko kumfanya Mungu kisingizio. Na dhambi ipo ndani ya habari hii, mama yangu hakukosea kabisa. Ila anwani yake siyo nyumba ya yule mwanamke mgeni. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya viwandani na ya mafuta duniani, na Tanzania ni chembe ndani ya hapo. Mtu anaweza kubeba mzigo asioufunga yeye. Hilo linakera, na nadhani ni sawa likikera.

Ila msinielewe vibaya, mzee wa milingoti naye alikuwa na hoja. Kijito kikikauka Lupepo, si lazima chanzo kiwe viwanda vya mbali. Kinaweza kuwa mti uliopandwa pale pale. Vyanzo viwili havigombani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, na kupima mita 60 hakuhitaji mkutano wa Dubai. Vijana wa VIWAWA walichukua kamba wakapima. Mistari mitatu ya milingoti imo ndani. Mwenye shamba hakukasirika. Alituonyesha tu ni nguzo zipi ni ada ya muhula ujao na zipi ni za kumalizia nyumba. Kijana wa boda akauliza kama tukichanga miche ya parachichi atakubali kuanza kukata mstari mmoja, ule wa karibu na maji. Mzee akasema atajibu Jumamosi, baada ya kuongea na mkewe.