Chatu Aliyegoma Kula

Kijana mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alimkuta mtoto wa chatu kwenye shamba la mahindi, upande wa ziwani, mvua ilipokatika. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Hakumuua, na kwa hilo anastahili sifa. Ila alimtia kwenye jerikeni iliyokatwa juu kwa hesabu zake mwenyewe: siku za soko watoto watalipa shilingi 200 kumtazama.

Watoto walilipa. Chatu akagoma kula.

Alipewa nyama ya mbuzi, akapewa yai, akapewa hata samaki, wapi. Jirani mmoja alisema anaringa, mwingine akasema amelogwa. Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, ndiye aliyeingiza mkono na kumgusa. "Huyu hana njaa, mutoto wangu. Ako na baridi."

Mzee alisema kweli. Nyoka hajitengenezei joto, hulipata nje. Nakivale iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku chini ya turubai hata binadamu hujikunyata. Chatu anayefugwa anahitaji upande mmoja wa kasha uwe na joto la nyuzi 30 hivi, na upande wa pili uwe poa ili ahamie apendapo. Akimeza chakula naye ana baridi, tumbo halisagi. Kitaoza humo humo au atakitapika. Kwa hiyo anafunga mdomo, na ana haki. Anataka pia pa kujificha, na hapendi kushikwashikwa. Macho yake yakiingia ukungu wa rangi ya maziwa, anakaribia kujivua gamba na mara nyingi hatakula hadi amalize. Chatu jike anayelalia mayai anaweza kukaa hata miezi mitatu bila kutia kitu mdomoni.

Kijana hakungoja. Alimwachia panya mzima usiku kucha ndani ya jerikeni. Asubuhi panya alikuwa anarukaruka, na chatu ametafunwa mgongoni hadi nyama nyekundu inaonekana. Wafugaji wenye ujuzi hutoa panya aliyekwisha kufa, aliyepashwa joto kidogo, na kumtikisa kwa koleo, kwa sababu chatu ana vishimo mdomoni vya kuhisi joto la windo. Panya baridi kwake ni kama jiwe.

Kidonda kikaanza kunuka. Kijana, kwa huruma sasa (tuseme hivyo), akampanua mdomo kwa kijiti na kusukuma kipande cha nyama kwa kidole. Tundu la pumzi la nyoka liko sakafuni mwa mdomo, mbele kabisa, na mkono wenye haraka haulioni.

Alipofika Mbarara kwa daktari wa mifugo, chatu alikuwa amekwisha kufa. Daktari alimfungua taya, akamwonyesha kijana nyama ilivyoziba tundu la pumzi, kisha akauliza kibali kiko wapi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila kibali, hata awe amemkuta shambani kwake.

Kijana alifikiri kidogo. "Na ngozi je, daktari, haiuziki?"

"Ukiiuza hiyo, utakuwa na kosa la pili."