Simu, Kifafa na Sitara ya Kijana

Imeulizwa katika darsa yetu: kijana mwenye kifafa akitegemea programu ya simu imkumbushe dawa na imwandikie siku aangukazo, je, huko si kupungukiwa na tawakali?

Jawabu la hili ni jepesi. Mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kifafa ni maradhi ya ubongo, na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa hata watu 70 katika kila 100 wenye maradhi haya waweza kuishi pasipo kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini dawa yataka kunywewa kila siku kwa wakati wake, na kuikosa ni katika sababu kubwa za kifafa kurudi. Basi kengele ya simu ni kamba ya ngamia. Haiponyi, wala haimpi mtu ruhusa ya kuongeza au kupunguza dawa bila ya daktari.

Ama lililo zito halikuulizwa. Simu iyo hiyo ihifadhiyo yaweza kufichua. Amepokea Ibn Abbas, katika Bukhari na Muslim, kuwa mwanamke mmoja alimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba huanguka na mwili wake ukafunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe afya. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke; naye akaombewa. Kisa hiki si hoja ya kuacha dawa, kwani Mtume huyo huyo ameamrisha tujitibu. Lakini tutazame: mwanamke yule aliyaweza maradhi, asiloliweza ni kufunuliwa mbele ya watu.

Mzazi apigaye picha ili daktari aone namna mwanawe aangukavyo amefanya la maana, kwani daktari hakuwapo. Bali aienezaye kwa jamaa na majirani amemvua mgonjwa sitara aliyoiombea Mtume.

Wako wasemao kuwa mzazi ana haki ya kusoma yote yaliyoandikwa simuni. Kwa mtoto mdogo, naam. Lakini kijana wa miaka 16 ajuaye kuwa kila aandikalo atakemewa kwalo, ataandika kuwa amekunywa dawa hali hakunywa, na daktari atapima dawa juu ya uwongo. Afadhali wapatane mapema nani aone nini, na waulize pia wenye programu huyaweka wapi maandishi hayo na humpa nani. Siri ya mgonjwa ni amana.

Na wewe, ndugu, ukimwona kijana ameanguka njiani, tazama saa, kisha tia simu mfukoni. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mfunike nguo. Zikipita dakika 5 hajatulia, mfikishe hospitali.

Wabillahi tawfiq.