Je, Ajali Haina Kinga?

Liko neno moja lisikiwalo katika kila matanga ya mtu aliyeuawa na gari. Watu wameketi mikekani, wanaume nje na wanawake ndani, kahawa yazunguka, na mzee mmoja ashusha pumzi na kusema, "Ajali haina kinga." Wote huitikia kwa vichwa. Hapo mazungumzo hukoma, maana neno hilo ni kama mlango uliofungwa. Aliye na swali hubaki nalo moyoni. Kwetu pwani, tangu Bagamoyo mpaka Bunju, na katika vijiji kama Mlingotini ambavyo watu wake hutoka asubuhi kuifuata barabara ya lami, matanga ya namna hiyo si machache. Kwa hiyo twapenda leo kuufungua mlango huo, tuone kama neno lile ni la kweli, na kama lafaa kinywani mwa Mkristo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Ajali ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kufa. Basi mtu akisema "ajali" amekwisha kutoa hukumu pasipo kusikiliza mashahidi. Amesema ya kuwa saa ya marehemu ilikuwa imefika, na aliyemgonga alikuwa mjumbe tu. Hatukatai ya kuwa siku zetu zote zi mikononi mwa Mungu. Tunalouliza ni hili: mbona imani hiyo twaikumbuka barabarani tu?

Mtazameni nahodha wa Mlingotini, kijiji kilichopewa jina la mlingoti. Hajapata kusema ya kuwa bahari haina kinga, kisha akatweka tanga lililooza. Hutazama upepo, huzitia nyufa kalafati, na mzigo ukizidi hushusha, hata kama mwenye mzigo atamnunia. Hakuna amwambiaye kwamba hana imani. Walakini nahodha huyo huyo akishapandisha ngalawa yake mchangani hupanda pikipiki ya abiria yeye na mkewe na mtoto na kapu la samaki, wote nyuma ya dereva mmoja, kwa mtindo ambao vijana huuita mishikaki, tena bila kofia ngumu hata moja. Baharini ana akili ya nahodha. Nchi kavu ameiacha. Majirani zetu Waislamu nao hufundishwa ya kuwa mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Basi kosa hili si la dini moja.

Torati ya Musa, ambayo wengine hudhani ni habari za zamani tu, yalipambanua jambo hili kuliko tulipambanuavyo sisi. Yamtaja mtu aliyekwenda mwituni na mwenziwe kukata kuni, akainua shoka, na chuma kikachomoka katika mpini kikamwua mwenziwe. Huyo hakuwa na chuki wala hakujua. Akapewa mji wa kukimbilia asije akauawa kwa kisasi. Hiyo ndiyo ajali, nasi twakubali ya kuwa ziko ajali za namna hiyo barabarani, kama vile gurudumu zima lipasukapo ghafula juu ya msumari.

Lakini katika kitabu cha Kutoka iko sheria ya ng'ombe apigaye pembe. Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Walakini kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameambiwa, wala hakumfungia, basi akimwua mtu hatia ni ya mwenyewe, na adhabu yake ni kufa. Angalieni hapo. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na maiti ni moja. Tofauti ni kwamba mwenyewe alijua.

Je, sisi hatujui? Gari lisilo na breki nzuri hujulikana na dereva wake, na utingo wake, na fundi aliyelitengeneza kwa waya, na mwenye mali aliyesema, "Lipeleke hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi." Kijana asiye na leseni hujulikana na mtaa mzima. Dereva anywaye kabla ya kushika usukani hujulikana na mwenye kilabu. Hao wote wamekwisha kumwona ng'ombe akipiga pembe. Siku amwuapo mtoto wa shule, wote huja matangani wakasema ajali haina kinga.

Tena yuko mwenye ng'ombe ambaye hatumtaji upesi, kwa kuwa mara nyingi ni mtu wa heshima. Pikipiki nyingi za abiria si mali ya vijana waziendeshao. Ni za watumishi, na wenye maduka, na walimu, na hata wazee wa kanisa, walionunua chombo na kumpa kijana kwa mapatano ya kuleta hesabu kila jioni. Hilo si dhambi. Ni biashara, na imewapa vijana kazi. Ila kama hesabu ni kubwa hata kijana hawezi kuipata kwa mwendo wa haki, basi mwenye pikipiki ndiye aliyekamata mkono wa kuongeza mafuta, ijapokuwa yeye ameketi nyumbani akisoma Zaburi. Twalisema hili tukijua ya kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wamo wenye pikipiki.

Na mwendo ndio pembe yenyewe. Watu wengi hudhani ya kuwa gari likienda kwa mwendo maradufu, pigo lake nalo ni maradufu. Sivyo, pigo huwa mara nne. Tulieleze kwa minazi, maana minazi twaijua. Mtu akigongwa na gari lendalo kilometa 30 kwa saa, pigo lile ni kama la mtu aliyeanguka toka urefu wa meta tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba. Huenda akavunjika mguu, na wengi hupona. Kwa kilometa 50 ni kama kuanguka toka meta 10, na mkwezi aangukaye toka hapo jamaa zake huingiwa na hofu kuu. Kwa kilometa 80 ni kama meta 25, yaani kileleni mwa mnazi mrefu. Kwa kilometa 100 ni karibu meta 40, wala hatuna mnazi wa urefu huo. Ndiyo sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na malori makubwa. Kibao kile cheupe chenye duara jekundu na tarakimu 50, ambacho madereva hukipita kama kichaka, maana yake ni kwamba mbele pana watu, nao wasipandishwe mnazini.

Haya si ya nchi yetu peke yake. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Bara letu la Afrika lina karibu magari 3 tu katika kila 100 ya dunia, walakini katika kila vifo 100 vya barabarani, kama 19 ni vya kwetu. Kama ajali zingekuwa ni saa iliyoandikwa tu, ingetubidi tuseme ya kuwa Mungu amewaandikia Waafrika vifo vingi na magari machache, neno ambalo sisi hatuthubutu kulisema juu yake. Mwaka 1896, mjini London, mama mmoja jina lake Bridget Driscoll aligongwa na motokaa akafa, naye hutajwa kuwa wa kwanza kufa hivyo katika nchi ile akitembea kwa miguu. Mkuu aliyechunguza kifo chake alisema anatumaini ya kuwa jambo kama hilo halitatokea tena. Twaweza kumcheka leo. Lakini yeye aliona kifo kimoja akashtuka. Sisi twaona vingi nasi tumezoea.

Wala mtu asiseme ya kuwa pwani hatukuwa na desturi ya sheria njiani. Mwaka 1857 Burton na Speke walipoanza safari yao ya kwenda maziwa makuu walianzia Kaole, jirani na Mlingotini. Burton aliandika ya kuwa msafara ulitanguliwa na kirangozi, na mtu aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alitozwa faini. (Hatuisifu njia ile, ilipitisha watumwa, na machozi yaliyomwagika Bagamoyo hayana kipimo.) Twasema tu ya kuwa hata watu wa miguu, wasio na chuma wala moto chini yao, waliona ya kuwa kupitana ovyo ni hatari. Leo dereva wa basi hulipita lori mlimani asikoona mbele, na abiria humsifu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo gumu, maana mpaka sasa tumesema juu ya wengine. Iko sheria ya tatu, katika Kumbukumbu la Torati, ya mtu ajengaye nyumba mpya. Ameamriwa kuijengea dari yake ukingo, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo na kinga ni ndugu kwa lugha yetu. Torati haikusema ya kuwa kuanguka hakuna kinga; ilisema, ijengwe. Tena haikumngoja mtu aanguke kwanza.

Nasi abiria tu katika nyumba hiyo. Dereva akikimbiza, watu arobaini huketi kimya, wengine wamefumba macho, wengine wasema rohoni, "Bwana, tuokoe." Sala ni njema. Lakini kinywa kile kile kingeweza kusema, "Dereva, punguza mwendo." Kwa nini hakisemi? Tumefikiri sana juu ya jambo hili, na kwa maoni yetu si woga wa kufa unaotufunga, bali woga wa kuchekwa. Mama mmoja akisema, konda humjibu, "Una haraka ya kushuka?" na gari zima hucheka. Basi hunyamaza, na wale waliocheka walikuwa na hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye. Wengine huwa wabaya zaidi: gari likienda kwa utaratibu hupiga kelele, "Dereva, twende, tutachelewa!" Hao wameshika pembe za ng'ombe wakazinoa.

Mtu atauliza, "Mimi ni mmoja, nina nguvu gani? Nikishushwa njiani usiku, nani atanichukua?" Swali hili ni la haki, hatulipuuzi. Hasa tangu Oktoba 2023, mabasi ya mbali yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya makatazo ya miaka mingi, hofu ya kuachwa gizani ni hofu ya kweli. Mjane mwenye mizigo hatumwagizi asimame peke yake. Lakini yule mwalimu aliyeketi nyuma yake, na yule katekista, na yule mfanyabiashara, mmoja akisema, wa pili aseme papo hapo, "Mama asema kweli." Dereva aweza kumshusha mmoja, arobaini hawezi, maana nauli ni yao. Hatia ya kunyamaza haiwi sawa kwa wote. Ni nzito kwa mtu ambaye neno lake lasikilizwa.

Mwezi wa Mei mwaka 2017, huko Rhotia, Karatu, basi la shule lilitumbukia bondeni, wakafa watoto 32 na walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliopona walipelekwa Marekani kutibiwa. Nchi nzima ililia, nasi walimu tulilia kwa namna ya peke yetu. Walakini machozi yalipokauka, ni wazazi wangapi wa vijiji vyetu waliokwenda kuhesabu watoto ndani ya gari la shule, au kuuliza dereva ni nani?

Yako matendo yaliyokwisha kujaribiwa. Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilijenga karibu na shule nyingi matuta na njia za miguu na vivuko, na watoto walioumia wakapungua. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo la kimataifa. Hayakuwa mambo ya ajabu, ni saruji na rangi. Vijiji vyetu navyo vyaweza kuomba. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na zile za wilaya, kama njia zetu za kutoka vijijini, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barua itoke katika mkutano wa kijiji, ikiwa na sahihi ya mwenyekiti. Isiseme tu, "Tunaomba matuta," maana barua kama hizo ni nyingi mezani. Itaje mahali hasa watoto wavukapo, na saa wavukazo, na idadi yao, na magari mangapi hupita saa hiyo. Kuhesabu huko watoto wa darasa la sita wanaweza, wakiketi chini ya mwembe mbali na lami, kwa siku tano za shule, wakiwa na daftari na mwalimu wao.