Kipenga cha Mwisho Ni cha Mzazi

Jioni ikifika hapa Gede, pwani ya Kenya, mpira hauna mahali usipochezwa. Kwenye viwanja vya mchanga watoto huukimbiza ule wa makaratasi na mifuko, uliofungwa kwa kamba. Kwenye mabanda ya kuonyeshea mechi, watu wazima husongamana kutazama ligi ya Uingereza. Kwenye vibanda vya gemu, vijana hulipa shilingi zao na kungoja zamu ya kushika pedi. Siku hizi mpira huo wa kuchezwa kwa vidole umevuka kizingiti ukaingia sebuleni mwetu. Nyumba iliyojaliwa ina PlayStation. Nyingine ina kimashine cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye televisheni, kikiwa na gemu nyingi za zamani, na mojawapo ni ya soka ya mtindo ule wa kale: wachezaji wadogo kama sisimizi, uwanja unaoonekana kutoka juu, kitufe kimoja cha kutoa pasi na kingine cha kupiga shuti.

Sisi wazazi tunapoiona gemu ya namna hiyo, moyo hutulia. Haina bunduki wala damu. Haina picha za aibu. Ni mpira tu, na mpira ni mchezo wa heshima pwani yote. Tunamwacha mtoto acheze, tunashukuru kwamba yumo ndani na hazururi barabarani. Shukrani hiyo ina haki yake. Lakini saa zinapita, kitabu cha shule hakijafunguliwa, maji hayajatekwa, na anapoitwa hujibu bila kugeuza shingo: “Mama, hii tu, ya mwisho.” Ya mwisho inazaa nyingine. Akikatizwa, hununa. Akifungwa bao, hutukana. Ndipo tunapouliza mchezo huu usio na ubaya umemharibuje mtoto wetu.

Tuangalie gemu za aina hii zilikotoka. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa video uliowekwa kwenye mabaa na kumbi za starehe. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akacheza, na aliposhindwa mashine ikamtaka sarafu nyingine. Watengenezaji walikuwa na sababu ya kuufanya mchezo uwe mfupi, mwepesi kuanza na mgumu kuumaliza, kwa kuwa kila kushindwa kulileta faida. Soka nayo iliingia katika mashine hizo, kisha ikahamia majumbani. Mwaka 1992 Waingereza walitengeneza Sensible Soccer kwa ajili ya kompyuta za nyumbani: wachezaji wadogo, mwendo wa kasi, mechi ya dakika chache. Ladha hiyo ndiyo inayofufuliwa leo kwa ajili ya mashine za kwenye televisheni. Mchezo unaisha upesi ili mtu atamani kuuanza tena.

Katika kumbi zile sarafu ilikuwa na kazi ya pili ambayo wengi hatuifikirii. Ilikuwa mpaka. Mfuko ukiwa mtupu, mtoto alirudi nyumbani atake asitake. Hata kibanda cha gemu hapa Gede kina mpaka wake: shilingi zikiisha, mwenye kibanda humwambia kijana ainuke ampishe mwenzake. Mchezo huohuo ukihamia nyumbani, sarafu haipo na mwenye kibanda hayupo. Hamu ya kuanza tena imekuja nao, lakini mpaka umebaki kule. Aliyebaki wa kuuweka ni mzazi, na mara nyingi mzazi naye hayupo.

Kutokuwapo kwetu kuna sababu za kweli, na si haki kuzidharau. Wengi wetu tunategemea hoteli za Watamu na Malindi, na msimu wa watalii hauulizi mtoto amelala saa ngapi. Mama ana zamu ya jioni jikoni au vyumbani. Baba yuko kwenye bodaboda, au ametoka baharini akiwa hoi. Nyanya aliyeachiwa wajukuu hajui hata kuizima mashine hiyo. Riziki ni lazima itafutwe.

Kuna kutokuwapo kwingine, hata hivyo, ambako hakuna msimu wala mwajiri wa kulaumiwa. Tuko nyumbani, tumekaa kwenye kochi lilelile, na macho yetu yamo katika simu. Tunamwambia mtoto aache gemu huku kidole chetu kikiendelea kutembea kwenye kioo. Baba anamkemea kwa kulilia mechi ya vikatuni, naye usiku wa jana aligonga meza kwa sababu mkeka wake wa kamari ulichanika kwa bao moja la dakika za majeruhi. Matusi aliyoyatoa mtoto leo aliyasikia kwa nani? Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Leo anakiona kisogo hicho kimeinama juu ya simu, naye anainamisha chake.

Jambo la kamari linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa soka ya kidijitali haikubakia katika vile vikatuni. Gemu kubwa za leo huuza ndani yake pakiti za wachezaji: mtu hulipa kabla ya kujua atampata nani, kama abahatishavyo mcheza kamari. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba mauzo ya namna hiyo yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti katika gemu yake ya FIFA. Mtoto aliyezoea kuanza tena bila kikomo katika gemu ya zamani isiyodai senti, akikutana na mpya inayodai pesa kila hatua, atajizuia kwa nguvu gani? Na ikiwa anaijua namba ya siri ya M-Pesa ya mama yake, hasara haitakuwa ya kidijitali.

Hofu yetu nayo iwe na kiasi. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata unapomdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Watoto wetu wengi hawajafika huko. Ni watoto wenye afya wasiowekewa mpaka, na hilo tunaweza kulirekebisha kabla halijawa ugonjwa.

Marekebisho hayo huanzia nyumbani, na hapa Gede tuna mji wa kale unaotufunza kutazama nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoyachimbua magofu yake kuanzia mwaka 1948, nyumba kadhaa zilipewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani: moja ikaitwa Nyumba ya Mkasi, nyingine Nyumba ya Kauri, nyingine ya Taa ya Chuma. Tangu mwaka 2024 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zetu nazo zinapewa majina na watoto wanaokua ndani yake, kwa kile wanachokumbuka kuwa kilitawala humo. Yafaa tujiulize yetu itakumbukwa kwa televisheni au kwa watu.

Wajibu wetu, basi, ni upi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na inawabebesha baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Baba hawezi kuiacha mashine iwe “mambo ya mama yenu”, wala mama hawezi kungoja baba aje na ukali.

Mpaka utangazwe kabla mashine haijawashwa: mechi ngapi, na baada ya kazi ipi. Mpaka unaowekwa wakati mtoto anashinda huwa ugomvi. Mashine ikae sebuleni, isifichwe katika chumba cha kulala. Swala, masomo na kazi za nyumbani vitangulie. Namba za siri za pesa zibaki kwa wenyewe. Anayetoka kwenda kazini amkabidhi nyanya au dada mkubwa mamlaka kamili ya kuizima, na akirudi asimvunjie neno lake. Adhabu iwe ile iliyoahidiwa, itolewe kwa utulivu, kwa maana ukali wa leo na ulegevu wa kesho humfunza mtoto kubahatisha hasira zetu.

Zaidi ya hayo, tukae nao. Gemu hizi za kale zina fadhila moja: ni nyepesi, na hukubali wachezaji wawili bega kwa bega. Mzazi asiyejua lolote anaweza kuishika pedi ya pili, akafungwa mabao matano, akacheka, akampa mwanawe mkono, akaizima mashine. Kwa kitendo hicho mtoto anaona jinsi mtu mzima anavyoshindwa bila kutukana na anavyoacha bila kulazimishwa. Kisha wote watoke nje wakaupige mpira wenye vumbi.

Ndugu wazazi, watengenezaji wa gemu wameifanya kazi yao, na kazi hiyo ni kumvuta mtoto aanze tena. Kumfundisha kuacha ni kazi yetu. Tuianze kwa kuziweka chini simu zetu jioni ya leo, mbele ya macho yao.