Mgeni Katika Ugomvi wa Ndugu

Wahenga walituachia mithali mbili ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, hazipatani. Moja yasema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Nyingine yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tuifuate ipi, serikali na waasi wa nchi moja wanapotafuta suluhu, na mataifa ya kigeni yakajitolea kuwasaidia?

Tuanze na Mlima Kenya, ambao watu wa Meru na Embu huuona mawingu yanapoondoka. Katika misitu yake Mau Mau walipigana na serikali ya kikoloni. Mwezi wa Januari 1954 alikamatwa Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa mlima huo. Alihukumiwa kifo, kisha akaokolewa na hukumu hiyo kwa kuwa alikubali kuwaandikia wenzake wa msituni ili wazungumze na serikali. Baadhi yao walitoka wakaonana na maofisa. Lakini mwezi wa Aprili askari wa serikali walipigana na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, watu wakauawa, na mazungumzo yakafa.

Sasa tufikiri. Mpiganaji aliyejiona amesalitiwa angemwendea nani? Serikali ilikuwa adui yake, na ndiyo iliyotoa ahadi, na ndiyo iliyokuwa hakimu. Hapakuwa na mtu wa tatu, aliyeaminiwa na pande zote mbili, wa kuuliza nani aliyevunja neno lake.

Kutoka Mbeere, katika nchi ya Embu, ukivuka mto Tana waingia Machakos. Huko, mwezi wa Julai 2002, serikali ya Sudan na waasi wa kusini walioongozwa na John Garang walitia sahihi mapatano ya kwanza. Mpatanishi alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, na nyuma yake walisimama Marekani, Uingereza na Norway. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba kamili ulitiwa sahihi Nairobi, na vita vilivyoanza mwaka 1983 vikakoma. Hapana shaka mgeni aliwafaa wenyeji.

Walakini tusishangilie upesi. Mkataba ule ulikuwa wa pande mbili tu. Watu wa Darfur, ambako vita vilizuka mwaka 2003, hawakuwa na kiti mezani. Sudan Kusini nayo, baada ya kupata uhuru mwaka 2011, iliingia katika vita vyake yenyewe mwezi wa Desemba 2013. Tena mataifa makubwa hayaendeshwi na huruma peke yake: yana biashara zao, na Sudan ilikuwa na mafuta.

Hapa wazee wa Njuri Ncheke wanatufundisha jambo. Wameru huwapelekea magomvi yao ya mashamba na ya jamaa, na uamuzi wao huheshimiwa. Mzee anayeamua leo atakutana kesho njiani na wale aliowaamulia. Akiamua vibaya, aibu itamfuata mpaka mlangoni pake. Balozi hupanda ndege akaenda zake. Suluhu mbaya huwaua wengine. Yeye hapotezi mtoto wala ng'ombe.

Basi mithali zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake. Kiini cha ugomvi, yaani ardhi, haki na madaraka, ni mali ya ndugu wenyewe. Hapo mgeni ashike jembe lake akalime. Lakini ahadi yahitaji shahidi, na mnyonge hawezi kuwa shahidi mbele ya mwenye bunduki. Hapo mgeni na aje. Na akiisha kushuhudia, asiondoke moyoni: siku ahadi itakapovunjwa, yampasa kunena, hata kama aliyeivunja ni rafiki yake.

Nawe msomaji, siku utakapoitwa kuwapatanisha wenzako, kabla hujasema neno jiulize: suluhu hii ikiharibika, nani ataumia? Ikiwa si wewe, basi nena kidogo, usikilize sana.